Sakafu Iliyofungia Wakwe Ndani

Wakuu, mmewahi kufungiwa ndani na sakafu? Mimi yamenikuta hapa Kaisho, siku ya posa ya binti yangu Vero.

Nilikuwa natandika sebule yangu mpya kwa mbao za mkaratusi. Edgar, kijana aliyempenda Vero, ni fundi seremala. Akapita kunisalimia.

"Shikamoo baba. Pale ukutani acha nafasi ya kidole. Mvua zikianza, mbao zitavimba."

"Marahaba. Kwangu hatuachi mianya ya panya."

Nikazibana hata wembe haupiti. Moyoni nikaapa: huyu anayenifundisha kazi nyumbani kwangu, binti hampati ng'o!

Mvua zikaanza. Wiki ya posa, mke wangu Mackrine akatandaza nyasi mbichi sebuleni, heshima ya wageni kama ilivyo desturi yetu. Nami kwa ujuaji wangu, kila asubuhi nazinyunyizia maji zisinyauke.

Wageni wakaja. Edgar akabaki barazani, maana mposaji haingii kabla ya jibu. Mvua inanyesha, tukafunga mlango, tukamimina rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikakohoa, tayari kukataa.

Kaa! Kaa! Paaa!

Sakafu ikanyanyuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Mlango unafungukia ndani. Nikavuta, wapi! Mbao zimeukaba. Madirisha yana nondo, zana zangu ziko stoo ya nje.

Mackrine alicheka, jamani, mpaka nikaona aibu.

Nikamwita Edgar dirishani. Shangazi yake, Xaveria, akanizuia kwa upole.

"Mzee Protase, kijana wetu ataihudumiaje nyumba ambayo hajapokelewa?"

Vero alikuwa kasimama kando ya Edgar, ananitazama kupitia nondo, machozi yanamlengalenga. Roho ikanisuta kweli. Namnyima mwanangu mume kwa sababu ya nafasi ya kidole?

"Haya. Nimempokea."

Vigelegele! Xaveria akafunua kapu la zawadi. Chini ya kahawa kulikuwa na nyundo na patasi.

"Edgar kavifungasha tangu asubuhi. Akasema tusivitoe mpaka ujibu."

Nikapiga magoti mbele ya wakwe zangu, Edgar akinielekeza kutoka dirishani, nikang'oa ubao wa ukutani. Sakafu ikashuka taratibu. Mlango ukafunguka.

Ndugu zangu, nyumba ni yako, lakini mvua si yako. Fundi akikwambia acha kidole, acha.

Hasa kama anamtaka binti yako.