Mashimo Manne ya Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja pale Isansa, enzi za Mwingereza, nilipomcheka mama mkwe wangu mbele ya watu. Nilikuwa mwali mgeni, mdomo mwepesi. Baba mkwe alikuwa ametupa mashamba mawili, moja jekundu mteremkoni, lingine jeusi bondeni. Kwetu, kijiji cha Mpemba, udongo mweusi ndio uliotulisha, basi nikamshawishi mume wangu Yohana tupande mahindi yote bondeni.

"Chimbeni kwanza mtazame chini," mama mkwe alituambia.

"Mama, udongo mweusi hauhitaji kuulizwa," nikajibu huku nikicheka, na wanawake waliokuwapo wakacheka.

Mvua zilipokolea, maji yakatuama shambani. Mahindi yakawa ya njano, yakadumaa magotini. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita. Yohana akafunga nguo zake, akasema anakwenda kuchimba dhahabu upande wa Mkwajuni. Wengi walikwenda huko, mwanangu, na si wote waliorudi.

Mama mkwe alimkuta mlangoni. "Kabla hujachimba kwa watu, njoo uchimbe kwako."

Alitupeleka bondeni, tukachimba. Chini ya ule weusi tukakuta udongo wa kijivu, unanata, unanuka kama yai viza. Akatuvusha hadi kwenye majani, mahali ambapo hapajawahi kulimwa, palepale bondeni, tukachimba tena. Kijivu kilekile, harufu ileile.

"Bonde haliumwi," akasema. "Ndivyo lilivyoumbwa. Lipandeni maharage kiangazi, maji yakishapungua."

Mteremkoni tulichimba shimo la tatu, na la nne msituni, juu kidogo tu ya shamba. Udongo wa msituni ulikuwa laini, umejaa minyoo, na maji aliyomimina kutoka kwenye kibuyu yalizama mara moja. Wa shambani ulikuwa mgumu, minyoo miwili tu, maji yakasita.

"Huyu ndiye mgonjwa," akasema, "na ndugu yake wa msituni anatuonyesha atakavyokuwa akipona."

Nilipiga magoti palepale. "Mama, nisamehe."

"Simama, binti. Samadi iko zizini."

Yohana hakuondoka; tukabeba samadi hadi mteremkoni. Mwaka ule tulikula chungu kimoja na mama mkwe, na hakunikumbusha kicheko changu hata siku moja. Mwaka wa tatu tulipanda kahawa kwenye ule mteremko. Hadi leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa, namwona ameinama, kanga imefungwa kiunoni, ananusa kiganja chake. Natamani ningemuuliza mengi zaidi.

Basi, mwanangu, usilihukumu shamba kwa rangi, wala usipime mteremko kwa bonde. Kila ardhi ilinganishe na ya aina yake ambayo jembe halijaigusa, ndipo ujue shamba lipi ni gonjwa na lipi limeumbwa hivyo. Na mkubwa akikwambia chimba, chimba.

Mungu akupe subira ya kuinama, na ardhi yako ikulishe wewe na watoto wa watoto wako.