Utando kwenye Glasi

Kwetu Nyakato nilikua nikiosha vyombo kwa maji ya ziwa na sabuni ya mche, na glasi zilitakata. Nilipoolewa Guta nilienda na mikono ileile na sabuni ileile. Maji ya kule yalikuwa ya kisima, yana chumvi.

Kwa wakwe zangu, mke mpya hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka siku ya kupimwa mbele ya wageni. Akifaulu anapewa jiko lake. Akishindwa anarudishwa kwao akafundwe upya. Mimi nililitaka jiko langu kuliko nilivyomtaka mume mwenyewe.

Siku hiyo niliosha glasi mapema. Zilipokauka zikabaki na utando mweupe. Nikaongeza sabuni, utando ukazidi. Leo najua sababu: chumvi iliyoyeyuka kwenye maji hushikana na mafuta ya sabuni na kuwa kitu kigumu kinachong'ang'ania kioo, suuza usuuzavyo. Siku ile nilijua kulia tu.

Mama mkwe aliinua glasi juani mbele ya wageni, akaikwangua kwa ukucha, akawaonyesha uchafu wenyewe. Akawauliza kama kwao mbwa angeinywea. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Wageni walicheka, na mume wangu, bwege yule, akacheka nao.

Jioni nilimkuta mama mkwe akiosha kikombe chake kwa maji ya mvua, kutoka kwenye tanki ambalo koki yake hufungwa kwa kufuli. Kikombe kiling'aa. Nikamuuliza, kwa adabu zote, kama alikuwa anajua kwamba kosa ni la maji.

"Nilijua," akasema. "Hata mimi nilichekwaga hapahapa. Nani alinionea huruma?"

Nilimchukia, na mpaka leo namchukia.

Kesho yake nikarudishwa Nyakato. Nilimweleza mama yangu habari ya maji ya chumvi na utando. Alinitengea beseni la maji ya ziwa na glasi zake, akaniambia nioshe. Moyo ukanitulia, nikajua sasa atajionea mwenyewe. Nikaosha, nikasuuza, nikazipanga juani. Hazikuwa na doa hata moja.

Mama akaziangalia moja moja.

"Kumbe unaweza," akasema. "Basi kule ulikuwa unafanya makusudi. Kesho unarudi, ukampigie mkweo magoti."