Shavu la Vashram Lililotoka Kifuani

Vashram alikuwa na mdomo, na kijiji kizima kinajua. Akisimama ukingoni mwa bwawa akaita "Hoo-aaa!", nyati wake wanatoka majini mbio, maziwa yanawadondoka njiani. Mkewe, Rajibai, aliupendea mdomo huo, ingawa ukimuuliza atakwambia aliolewa kwa sababu ya nyati.

Mdomo huo huo Vashram aliujaza popoo na tumbaku iliyosuguliwa kwa chokaa tangu hajaota ndevu, kila siku shavu la kushoto. Kidonda kikatokea.

"Baba Megha, hicho kidonda si cha kawaida," Rajibai alisema. Jina la mumewe hakulitaja hata siku moja; mke wa Kibharwadi, wale wafugaji wa Kihindi, hataji.

"Kidonda changu ni wewe," akajibiwa.

Walipofika hospitali ya mjini, saratani ilishalila shavu.

Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya kuchunga watu, aliwaeleza. Shavu bovu atalikata lote. Kisha atainua msuli wa kifuani pamoja na ngozi yake, aupitishe chini ya ngozi ya shingo mpaka juu, aushone pale penye tundu, ngozi ikikunjwa kufunika nje na ndani ya mdomo. Lakini hataung'oa kabisa. Mshipa wake wa damu utabaki umeshika pale pale chini ya mtulinga, uendelee kuulisha.

"Kama mfereji wa kupeleka maji shamba la juu," Vashram alisema.

"Ndiyo, baba. Mfereji ukibanwa, shamba limekufa. Shingoni pasifungwe kitu."

"Na nyati nitawaita?"

"Msuli ukishika, utawaita."

Basi hilo ndilo Rajibai alilolibeba kifuani: msuli ushike. Vashram asiyeita nyati angekuwa nani?

Upasuaji ukaenda vizuri. Tatizo lilikuwa shanga. Vashram alivalishwa na guru, mwalimu wake wa dini, angali mtoto, shanga za mrihani mtakatifu, na hazikuwahi kutoka shingoni. Wauguzi walizivua wakamkabidhi Rajibai. Kila alipoitazama ile shingo tupu alihisi mumewe yuko uchi mbele ya Mungu. Daktari amekataza vitu, alijiambia. Shanga za guru si kitu. Mchana, muuguzi alipotoka, akamfungia tena shingoni, mizunguko miwili, kama inavyotakiwa.

Shingo ilikuwa imevimba. Jua halijashuka, kile kipande cha ngozi shavuni kikawa rangi ya zambarau lililoiva. Muuguzi alikibonyeza kwa kidole, akatoka mbio kumwita daktari.

"Nani kafunga hizi?" daktari aliuliza.

"Mimi," Rajibai alisema. "Na ni za guru, usizitupie jicho hilo."

"Sizigusi, mama. Fungua wewe mwenyewe. Sasa hivi."

Fundo lilikuwa limezama nyamani. Vidole vikamshinda. Akanyoosha mkono, akapewa mkasi, akaukata uzi. Shanga zikatawanyika chini ya kitanda na hakuziangalia. Macho yake yalikuwa kwenye shavu. Daktari akafungua nyuzi mbili tatu za mshono wa shingoni, damu nyeusi ikatoka. Wakangoja. Lile zambarau likafifia, likapauka, halafu taratibu likaja jekundu.

Vashram, ana mpira wa kupumulia kooni, hawezi kusema, alimkamata mkewe kidole akakifinya kwa nguvu.

"Nifinye tu," Rajibai alisema. "Nimestahili."

Wakarudi nyumbani kungoja zamu ya tiba ya mionzi. Nywele za kifuani hazikujua kwamba zimehama. Zikaota humo humo mdomoni.

"Vashrambhai," jirani yake Hamirbhai alimtania, "chai unakunywa au unachuja?"

Vashram alikwenda bwawani, Rajibai nyuma yake. Akaita. Ukatoka upepo mtupu na mate. Nyati wakageuza vichwa, wakarudi kulala majini. Rajibai akafunga macho. Vashram akalitegemeza shavu jipya kwa kiganja, akavuta pumzi, akaita tena. Sauti ilikuwa pana, ya ajabu, kama ya nyati mwenyewe.

Nyati wakatoka majini wote kwa pamoja, wakapita katikati ya ua wa Hamirbhai, wakauangusha.

"We Vashram! Hata kwa nusu mdomo ni balaa!"

"Jenga ua wa maana, mvivu!" Vashram alimjibu, maneno yakivuja upande mmoja. Rajibai akamfuta kidevu kwa ncha ya shela, akamwambia anyamaze, huku anacheka mpaka akakaa chini.