Ukuta wa Raisa Usio na Saruji

Hussni alizaliwa Lamu, akakulia kwenye vumbi la chokaa. Alikuwa fundi mawe hasa, na hilo alilijua kupita kiasi. Miaka kumi na miwili alikuwa Bloomington, ughaibuni kwenye theluji, akiwajengea watu bustani, na hakuwahi kumwamini fundi asiyetumia saruji. Kwa hiyo kampuni aliyoifanyia kazi ilipomletea Saturnino, Mperu wa milima ya Cusco, wajenge pamoja ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ya Raisa, dada yake Hussni, kule Apple Valley, roho yake haikutulia.

Kabla ya kushika nyundo, Saturnino alimwaga bia kidogo ardhini, sadaka ya ardhi. Hussni akasoma audhubillahi. Kisha mtu yule akachonga mawe mpaka yakashikana, akayapanga bila chochote katikati, na ukuta wenyewe akauegemeza kilimani.

"Wazee wetu walijenga mji mzima hivi, juu mlimani," Saturnino alisema kwa Kiingereza, akimwonyesha picha kwenye simu: mashamba ya ngazi, milango mipana chini na myembamba juu. "Matetemeko yamepita, kuta zipo."

Hussni aliikuza picha akitafuta saruji. Alipoikosa, alizidi kushuku. Wameificha ndani, alijiambia.

"Kaka, huu ukuta uta-hold?" Raisa aliuliza. "Watoto wanacheza hapo chini."

"Huyo simwamini. Lakini mimi nipo."

Basi kila Saturnino alipokwenda kuchukua kokoto, Hussni alijaza saruji nyuma ya mawe ya upande wake, haraka haraka, jicho likiwa barabarani.

Theluji ilipoyeyuka, upande wa Hussni ulikuwa umefura na mawe manne yamelala penye bembea ya watoto. Nyuma ya saruji maji yalikosa pa kutokea, yakaganda, yakasukuma. Upande wa Saturnino haukutikisika. Miaka yote ile kwenye theluji, na bado mwana wa Lamu alijenga kama yuko pwani.

Raisa, asiyejua upande upi ni wa nani, alimtazama Saturnino kwa jicho baya. "Si ulisema, kaka? Huyu mtu si wa ku-trust. Wanangu wangekufa."

Saturnino hakujua Kiswahili, ila jicho lile alilielewa. Alikuwa ameokota donge la saruji kwenye kifusi. Alimtazama Hussni, akalifumba mkononi.

Aibu ilimchoma Hussni mpaka masikioni. Aliukunjua mkono wa Saturnino, akalichukua donge.

"Hii ni yangu," alisema kwa Kiingereza, ili Saturnino asikie. Kisha akamgeukia dada yake, akarudia kwa Kiswahili.