Kazi Yangu Ilikuwa Minyoo, Semeni Hivyo

Siku ya kwanza kazini, Louisville, nilipewa aproni, miwani ya kinga na birika la plastiki ya moto, nikaambiwa nimimine minyoo. Nilicheka. Mtu mzima nimetoka Kongo, nimelea watoto kambini, nimepanda ndege mpaka Amerika, nije kumimina minyoo! Msimamizi wa zamu, mama mmoja wa makamo, hakucheka. Akamwambia mkalimani:

"Mwambie mzee akachekee nyumbani kwake. Hapa mnyoo ukitoka na tundu la hewa unakatika kwenye ndoana, na mteja naye anakatika kwetu."

Mimi nilifika darasa la tatu tu, kwa hiyo kazi niliisoma kwa vidole. Plastiki laini inachemshwa mpaka iwe kama uji, inatiwa rangi, mafuta ya harufu na chumvi, halafu inamiminwa kwenye kalibu, itoke chambo cha bandia chenye umbo la mnyoo. Chumvi ndiyo inayosumbua. Ikizidi, mnyoo unazama haraka lakini unachanika upesi. Ikipungua, unadumu lakini unashuka kivivu. Na yule samaki wa huku mwenye mdomo mpana, wanamwita besi, akionja chumvi anaushika mnyoo kidogo zaidi kabla ya kuutema. Kidogo hicho ndicho tulicholipwa kukitafuta.

Mdogo wangu Bahati alikuwa amepanga nyumba Linden, kule Columbus. Akaniita, nikaenda, nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Meneja wa duka, mzungu mrefu asiyevua kofia hata akila, alinikuta nikipanga minyoo kwa uzuri wa rangi. Akaivuruga yote.

"Usiangalie mnyoo, mzee! Angalia maji!"

Alinikera, lakini alisema kweli. Maji maangavu yanataka mnyoo mwembamba wa rangi ya majani au tope. Maji machafu yanataka mweusi, mnene, wenye mkia wa kutikisika, samaki ausikie kabla ya kuuona. Maji ya baridi yanataka mdogo, uvutwe polepole. Kwenye majani ya maji, ncha ya ndoana unaificha ndani ya mwili wa mnyoo isinase. Na penye mawe unatumia jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi na sketi ya nyuzi za mpira. Inadundadunda chini, samaki anadhani ni kamba wa mtoni.

Watu wetu walikuja dukani wakanichosha. Kwetu, ziwani, tulitumia chambo hai, ukasubiri samaki ameze ndipo uvute. Plastiki si nyama! Ukisubiri, anaitema. Uzi ukiruka au ukilegea ghafla, vuta hapo hapo. Nilisema mpaka koo likakauka. Kijana mmoja akanijibu, "Mzee, acha samaki ale kwanza. Hata sisi tunakula mbele ya kwenda kazi." Akarudi mikono mitupu, akalaumu mnyoo wangu.

Huko Columbus ndiko nilikosikia Bahati akiwaambia watu wa kanisa kwamba kaka yake yuko "kampuni ya plastiki." Minyoo hakuitaja. Nilimeza hasira.

Baadaye nilihamia Buffalo, nikafanya kazi kwa kapteni mwenye mashua, aliyewapeleka wateja kuvua ziwani na kwenye mto Niagara. Nilifunga jigi kwa mikono yangu. Mtoni maji yana nguvu, unachagua nzito. Ziwani, penye utulivu, unachagua nyepesi, ila isiwe nyepesi mpaka usiweze kusikia inapogusa chini. Kapteni alikuwa mkali. Nikikaa kidogo, "Mzee, samaki wametangaza sikukuu?" Lakini mteja akiuliza mimi ni nani, alisema, "Huyu ni fundi wangu wa jigi." Fundi! Katika nchi hii hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Sasa sikieni. Binti yangu Furaha alipoposwa, wakwe walikuja nyumbani kwangu, mtaa wa West Side hapo Buffalo. Kwa desturi yetu baba wa binti hasemi, ana msemaji. Nikamweka Bahati, akaja kutoka Columbus na tai shingoni. Msemaji wa upande wa kijana akauliza:

"Bon, bakwe, tuko na swali moja tu. Baba ya binti anatumika kazi gani?"

"Kaka yangu iko mu biashara ya majini," Bahati akasema. "Donc, usafirishaji."

"Usafirishaji wa nini?"

"Wa... vitu."

Vitu! Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Anadanganya. Mimi namimina minyoo ya plastiki. Nafunga jigi. Watoto wangu wote wamekua kwa kazi hiyo."

"Kaka, ikala! Baba hasemi ku posa!"

"Sikai!"

Msemaji wao akatabasamu. "Bon. Kama baba anakamata samaki na munyoo ya plastiki, sisi tutaleta ngombe ya plastiki."

Nyumba nzima ikacheka, mpaka wamama jikoni. Nilingoja wamalize.

"Leteni," nikasema. "Mnyoo wangu unadanganya samaki tu. Ng'ombe yenu itadanganya nani humu ndani?"

Hapo bibi wa kijana, mkubwa wao wote, akapiga paja lake. "Huyu ndiye mukwe. Huyu hatatuficha kitu." Na Furaha, kule jikoni, akasema kwa Kiingereza, kwa nguvu kila mtu asikie, kwamba huyo ni baba yake. Mazungumzo yakaendelea, na ndoa ikafungwa.

Bahati alinifuata barazani. "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nani alimwonea aibu mwenzake kwanza?"

Akaondoka kabla ya chakula.

Nilistaafu baridi ilipoviharibu vidole vyangu. Jigi inapogusa jiwe na samaki anapoigusa, uzi unatetemeka tofauti, na mimi sikusikia tena tofauti hiyo. Fundi asiyesikia ashuke mashuani. Siku hizi nawaona vijana ukingoni mwa mto, Riverside, wanatupa minyoo iliyochanika majini kama maganda ya ndizi. Nawafokea. Waokote! Ile ni kazi ya mikono ya mtu.

Bahati hupiga simu akitaka kuja kunitazama. Nasikia anasema sasa nimezeeka, niache hasira. Siachi. Aje. Asimame mlangoni kwangu, majirani wakisikia, aseme kaka yake alifanya kazi gani. Nitafungua.