Vidonge Vyeupe vya Maftaha

"Hospitali ni ya watu wasiojua rangi za vidonge!"

Maftaha Nampunju aliyatamka hayo kwenye mkutano wa chama cha msingi cha korosho, Kilangala, siku tabibu wa zahanati alipokuja kuwaomba wakulima wawahi matibabu. Watu walicheka mpaka tabibu mwenyewe akaangalia chini. Somoe, mkewe, alicheka pia, ila kwa mdomo tu. Yeye ndiye aliyekuwa akizitunza hizo rangi ndani: nyekundu za nguvu, njano za tumbo, nyeupe za homa. Na kwa kuwa nyeupe zilikuwa aina sita, mumewe aliamua kwamba za homa ni zile kubwa zenye mstari katikati. Basi, udaktari ukawa umekamilika.

Msimu wa kupulizia mikorosho ulipoanza, akarudi kutoka shamba na homa. Akameza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, maana homa ya mwanaume, alisema, haiogopi dozi ya mtoto. Siku ya tatu akakojoa mkojo mweusi kama kahawa ya matangani. Siku ya nne macho yakawa manjano kama bibo lililoiva, na hatua kumi kwenda chooni zikawa safari ya kupumzika njiani mara mbili. Ya tano wakambeba kwa bodaboda mpaka hospitali mjini Lindi, amebanwa katikati, Somoe nyuma akimshikilia asidondoke.

Malaria wakapima, hakuna. Damu wakapima, ikasoma tano, chini ya nusu ya inayotakiwa.

Klementi, mtoto wa mjomba wake na mtani wake wa kuzaliwa, alikuja kutoka Nyangao kutoa damu.

"Binamu, umeiva hivyo? Kesho watakuchuma."

"Nitolee shetani huyu," Maftaha akasema kwa sauti ya mbali.

"Shetani ndiye mwenye damu. Ukipona ukasikia hamu ya kitimoto, usishangae, ni mimi huyo natembea ndani."

Wodi nzima ilicheka. Maftaha akawekewa chupa mbili, damu ikapanda mpaka nane, akaketi akadai chai.

Siku mbili baadaye ikashuka tena, sita. Madaktari wakakuna vichwa. Somoe hakukuna chochote. Alikuwa akijua kilichofungwa kwenye pindo la kanga yake.

Kila asubuhi, akileta uji, alifungua lile fundo akampa vyeupe viwili, na mchana viwili tena. Ndiyo amri aliyopewa. "Hao wanapima mashine, mimi napima mwili wangu," Maftaha alimwambia. "Na ukinitolea siri, ujue umenivua nguo mbele za watu." Miaka thelathini na moja ya ndoa Somoe hajawahi kumvua mtu nguo. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda, miguu imevimba, akamsikiliza mumewe akihema kama mtu anayepanda mlima huku amelala chali.

Alfajiri ya siku ya saba ya kulazwa, Sista Cecilia aliingia na karatasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Damu imeshuka, nne. Na chupa za kundi lake hapa zimekwisha. Mama yangu, kuna dawa nyingine yoyote anatumia? Hata ya miti?"

Maftaha alifumba macho. Somoe alimtazama kidogo, kisha akalivuta pindo la kanga. Fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno.

"Vya leo hivi," akasema. "Vinne."

"Mama Idd!" Maftaha akang'aka.

"Nimechoka, baba Idd."

Sista aligeuza kidonge kimoja kwenye mwanga wa dirisha. "Septrini," akasema, akatoka mbio kumwita daktari. Daktari hakugomba, pengine naye alikuwa amechoka. Alivuta kiti akaeleza taratibu kwamba kuna watu wamezaliwa hivyo, na ukanda huu wa pwani wapo wengi: damu yao haina kinga dhidi ya baadhi ya dawa, Septrini ikiwemo, na wakizimeza, chembe nyekundu zinapasuka. Ule mkojo mweusi ni damu yenyewe iliyopasuka. "Sisi tulikuwa tunajaza ndoo," akasema, "na ninyi mnaitoboa."

Klementi akatafuta wenzake wawili wa kwaya, wakatoa. Vidonge vikasimama, damu nayo ikasimama, kisha ikaanza kupanda pole pole, bila haraka ya mtu yeyote. Maftaha akaruhusiwa na kadi yenye majina ya dawa asizoruhusiwa kuzigusa, aionyeshe kila aendako. Mwezi mzima hakusema na mkewe zaidi ya "maji" na "mlango". Mikorosho yake mwaka huo haikupuliziwa dawa; ilipuliziwa na ukungu.

Siku ya kurudi kupimwa, damu ilisoma kumi na moja. Wakitoka hospitali wakapita nje ya duka la dawa la Sabir, kijana wa Kihindi aliyerithi kaunta ya baba yake. Sabir akawaona.

"Mzee Maftaha! Shikamoo! Umepotea. Vile vyeupe vyako vimeingia."

Somoe alisimama. Maftaha akaipapasa kadi mfukoni, hakuitoa.

"Siku hizi bei gani?" akauliza.

"Kumi, shilingi elfu moja."

Somoe akalikung'uta pindo la kanga yake, tupu, akatangulia njiani bila kumngoja.