Wankyo Aliyeruka kwa Kirusi

Mwaka 1970 Wankyo Machage alikuwa akiogesha ng'ombe kwenye josho la kijiji, Butiama, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kutaka kuwa daktari wa mifugo. Nafasi ikapatikana, Urusi. Ila kwanza miezi mitatu ya kujifunza Kirusi pale Buhare, Musoma, halafu mtihani wa mdomo. Ukishindwa, unarudi joshoni.

Siku ya kwanza Mwalimu Vera, Mrusi ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "jambo", aliinua mkono wake akauonyesha darasa.

"Ruka!"

Wankyo akaruka. Alikuwa mtoto wa kutii. Wenzake kumi na mmoja nao wakaruka, vumbi likapanda mpaka darini. Mwalimu akazidi kutikisa mkono, "Ruka! Ruka!" nao wakazidi kuruka, mpaka Nyamburi wa Kibara, mnene kuliko benchi lake, akajitupa chini.

"Mwalimu, mimi nirikujaga kusoma," akasema akihema. "Hii ni jeshi."

Ilichukua nusu saa kugundua kwamba kwa Kirusi "ruka" ni mkono.

Habari zikamfikia Mzee Machage.

"Ndama zangu zinarukaga bure," alimwambia bintiye. "Wewe mpaka ufundishwe na Mzungu?"

"Baba, ni mkono."

"Haya. Usiruke na mkono, utavunjika."

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka Dar es Salaam, Mrusi mzee aliyevaa koti zito kwenye jua la Musoma, uso haujui kucheka. Akainua mkono wake: huu ni nini? Neno likapotea. Wankyo akaona josho linamwita. Lakini kilichosahau ni kichwa, miguu haikusahau. Ikaruka yenyewe, na alipotua, neno likamtoka kwa kishindo:

"Ruka!"

Mtahini akarudisha kiti nyuma. Mwalimu Vera alificha uso kwenye daftari, mabega yakimtetemeka, kisha akamweleza kisa chote. Mzee yule akacheka mpaka akavua koti. Maswali yaliyobaki Wankyo akayajibu amekaa, akapita.

Alirudi 1977, daktari kamili. Mgonjwa wake wa kwanza akawa ng'ombe wa baba yake, ndama amemkwama tumboni. Wankyo akazamisha mkono mpaka begani; ng'ombe akainua mguu wa nyuma apige teke, baba akiwa amesimama kando.

"Ruka!" Wankyo akapiga kelele.

Mzee Machage hakuuliza ni lugha gani. Akaruka.